Riba ya Akiba na Kodi Yake

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa Halmashauri anayeshughulikia vikundi vya huduma ndogo za fedha, mbele ya wakazi wa Kata ya Mbuji. Yanachapwa kwa ombi la wakazi waliokosa nafasi ya kuhudhuria.



Nawashukuru kwa kuacha mashamba siku ya leo. Najua ngoro hazijilimi zenyewe, na mtu aliyepanda mlima tangu asubuhi kuja kusikiliza habari za kodi anastahili kuelezwa jambo linaloeleweka.

Niseme kwanza mimi si nani. Mimi si mtumishi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi nitakayoieleza leo haikusanywi na Halmashauri yenu wala haiingii katika mfuko wa Halmashauri. Inakusanywa na TRA kwa niaba ya Serikali Kuu. Nalisema hili mapema kwa sababu katika kata nyingi nimekuta watu wameweka kodi zote katika kapu moja. Ushuru wa mazao, ambao kwa kahawa hulipwa na mnunuzi na si mkulima, ni wa Halmashauri. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ni jambo lingine. Kodi ya kichwa ambayo wazee wangu hapa mbele wanaikumbuka vizuri, ile iliyowafanya watu wajifiche porini, ilifutwa mwaka 2003 na haijarudi. Ninayoizungumzia leo ni kodi ya mapato yatokanayo na riba, yaani kile kidogo unachoongezewa na benki kwa sababu umewaachia fedha yako.

Nimeombwa kulizungumza jambo hili kwa sababu ya maneno yanayopita hapa. Katika ukaguzi wa vikundi nimekutana na mama mmoja, mhazini wa kikundi, aliyenionyesha taarifa ya akaunti yake. Alikuwa ameiwekea alama ya kalamu nyekundu mstari mmoja wenye herufi tatu, WHT, na kiasi kilichotolewa. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wanakula akiba yangu polepole, nami nimeamua kuitoa yote niiweke nyumbani." Hakuwa peke yake. Wapo waliokwisha kutoa. Fedha za msimu mzima wa kahawa zinalala chini ya godoro, ndani ya debe, au zimefukiwa mahali ambapo mwenye nyumba pekee anapajua. Na akifariki, hakuna anayepajua.

Herufi hizo tatu ni kifupi cha jina la Kiingereza la kile ambacho kwa Kiswahili tunakiita kodi ya zuio. Maana yake ni kwamba anayekulipa anazuia sehemu ya malipo na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ndiyo inayoiagiza benki kufanya hivyo, na kwa riba kiwango chake ni asilimia 10. Benki hutakiwa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Benki haina hiari katika hili, wala haibaki na senti moja ya fedha hiyo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa la yule mama. Asilimia 10 hiyo inakatwa katika riba tu. Haiigusi fedha uliyoweka. Tuchukue mfano wa mtu aliyeweka shilingi 2,000,000 katika akaunti ya muda maalumu kwa mwaka mmoja, na benki ikamwahidi asilimia 8. Mwaka ukiisha riba yake ni shilingi 160,000. Kodi ni asilimia 10 ya hizo 160,000, yaani shilingi 16,000. Atapokea 2,144,000. Zile milioni mbili zake hazikupungua hata shilingi. Na kama akaunti yako haikuzaa riba yoyote, hakuna kodi ya riba itakayokatwa, hata uwe na mamilioni mangapi humo. Kwa sababu hiyo pia, ndugu zetu Waislamu waliochagua akaunti zisizo na riba hawatauona mstari huu katika taarifa zao.

Je, kilichompunguzia mama yule akiba ni nini? Maana kweli ilikuwa imepungua, nilihesabu mwenyewe. Kilichompunguzia ni ada. Tuseme una shilingi 300,000 katika akaunti ya kawaida ya akiba, na riba ni asilimia 2 kwa mwaka. Riba yako ni shilingi 6,000, na kodi yake ni shilingi 600. Lakini kama akaunti hiyo ina ada ya uendeshaji ya shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka umetoa 12,000, na juu ya ada za benki kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Umepata 5,400 baada ya kodi, umetoa zaidi ya 12,000. Akiba imeliwa kweli, ila aliyeila si yule aliyewekewa alama nyekundu. Na kuna jambo chungu zaidi: kodi ya zuio hukatwa katika riba nzima kabla ya ada. Huwezi kuiambia TRA kwamba ada imezidi riba, hivyo usitozwe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye akiba ndogo si kukimbia benki. Ni kwenda kuuliza kama benki hiyo, au nyingine, ina akaunti ya akiba isiyo na ada ya kila mwezi. Akaunti za namna hiyo zipo, na wengi wetu tumewekwa katika akaunti yenye ada kwa sababu siku ya kufungua hatukuuliza. Swali la kuuliza dirishani ni rahisi: "Ada zote za akaunti hii kwa mwaka ni shilingi ngapi, na riba yake ni asilimia ngapi?" Asiyeweza kukujibu kwa tarakimu, mwombe akuandikie.

Sasa nije kwenye kuripoti, maana hapo napo pana hofu. Wapo wanaoamini kwamba mtu mwenye kitabu cha benki anapaswa kwenda TRA kila mwaka kujaza fomu ya riba yake, na asipokwenda atatozwa faini. Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania, anayepokea riba kutoka taasisi ya fedha iliyomo nchini, na riba hiyo si sehemu ya biashara yake, asilimia 10 iliyokatwa ndiyo kodi ya mwisho. Sheria inaiita hivyo hasa: malipo ya mwisho ya zuio. Hana kodi nyingine ya kulipa juu ya riba hiyo, wala hatakiwi kuiingiza katika ritani. Mkulima aliyeweka fedha ya kahawa, mwalimu mwenye akaunti ya akiba, kijana anayeweka akiba kupitia simu katika huduma ambazo nyuma yake ipo benki, wote wamekwisha kumaliza wajibu wao siku ile benki ilipokata.

Nchi hazifanani katika jambo hili. Wenzetu wa Kenya na Uganda nao hukata mlangoni kama sisi, ila wao hukata asilimia 15. Uingereza nako benki zilikuwa zikikata, lakini tangu Aprili 2016 ziliacha. Mwenye akiba hupewa riba yake yote, sehemu ya kwanza haitozwi kodi, na inayozidi ni juu yake mwenyewe kuhakikisha imefika kwa watoza kodi. Utaratibu wa kule una huruma kwa mwenye akiba ndogo, ila unamtaka kila mtu awe karani wa mambo yake. Utaratibu wetu ni mwepesi, ila una gharama yake, nami sitaificha.

Mzee mmoja, mstaafu, aliniuliza swali hili katika kata nyingine: "Mshahara wa chini hautozwi kodi. Mtu mwenye kipato kisichozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hatozwi. Mimi kwa mwaka sifikishi hapo. Kwa nini basi riba yangu ikatwe?" Ni swali la haki. Jibu la sheria ni kwamba kodi ya mwisho haina kima cha chini, wala hairejeshwi. Maskini hukatwa asilimia 10, na tajiri ambaye mapato yake mengine hutozwa asilimia 30 naye kwenye riba yake ya benki hukatwa 10 ile ile. Kwa maoni yangu hapo pana upungufu, na ni jambo ambalo wananchi wanaweza kumfikishia Mbunge wao, kwa kuwa viwango hivi hupitiwa kila mwaka katika Muswada wa Fedha, Bunge linapojadili bajeti mwezi Juni. Lakini hadi leo sheria ndiyo hiyo, na afisa wa benki mnayemlaumu hana uwezo wa kuibadili.

Kwa mstaafu yule, au kwa yeyote mwenye kiasi kikubwa asichokihitaji kwa miaka kadhaa, ipo njia iliyo halali kabisa. Riba ya hatifungani za Serikali za muda mrefu, zilizotolewa na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanzia Julai 2021, haitozwi kodi hii. Kiasi cha kuanzia ni shilingi milioni moja, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na maombi hupitia benki za biashara au madalali wa soko hilo. Tofauti yake muionje kwa hesabu: milioni 20 za kiinua mgongo katika akaunti ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 9 huzaa 1,800,000, na kodi ni 180,000. Riba kama hiyo ikitoka katika hatifungani, hizo 180,000 zinabaki kwako. Ila fahamu kwamba hatifungani ina muda wa miaka mingi, na ukitaka fedha yako mapema itakubidi uiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa chini ya ulichotoa. Ada ya shule ya Januari usiiweke huko.

Nimesema kodi ya mwisho ni kwa mtu binafsi na kwa riba isiyo ya biashara. Sasa niwageukie wale ambao kanuni hiyo haiwahusu, maana hao ndio wenye wajibu wa kuripoti.

Mwenye duka, mashine ya kusaga au gari la mizigo, ambaye fedha ya biashara yake imewekwa na kuzaa riba, riba hiyo ni sehemu ya mapato ya biashara. Iingie katika hesabu zake pamoja na mapato mengine. Ile asilimia 10 iliyokatwa haipotei; huhesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa na kupunguzwa katika deni lake. Lakini ili ipunguzwe ni lazima aonyeshe hati ya kodi ya zuio kutoka benki. Wengi hawaiombi hati hiyo, nao hulipa kodi mara mbili kwa hiari yao bila kujua. Mwaka wa mapato wa mtu binafsi huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Makadirio ya kodi hufanywa mwanzoni mwa mwaka, malipo hugawanywa katika awamu nne zinazoishia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ritani ya mwaka uliopita huwasilishwa kabla ya Juni 30 kupita. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa TRA. Hakuna afisa anayeruhusiwa kupokea kodi mkononi, na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi hutolewa bure. Ukiombwa fedha ya kupewa namba hiyo, umekutana na tapeli.

Vikundi navyo. Hapa nipo nyumbani, kwa kuwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya akiba na mikopo, VICOBA na ndugu zake, vinasajiliwa kupitia Halmashauri. Kikundi si mtu binafsi. Riba ya benki inayoingia katika akaunti ya kikundi hukatwa asilimia 10, lakini kwa kikundi makato hayo si kodi ya mwisho. Kwa hiyo hati ya zuio ihifadhiwe katika jalada la kikundi pamoja na katiba, daftari la wanachama na taarifa za benki. Siku TRA itakapotaka kuona hesabu, jalada hilo ndilo litakalozungumza.

Kosa kubwa ninaloliona katika vikundi ni fedha ya wote kuwekwa katika akaunti ya jina la mhazini. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu kufungua akaunti ya kikundi kunataka muhtasari wa kikao, cheti cha usajili na watia saini, na safari ya mjini ni gharama. Lakini tazameni linalofuata. Mbele ya sheria riba yote ni mapato ya mhazini. Akifariki, fedha ni mirathi yake, nanyi mtasimama mahakamani mkishindana na wajane na yatima kwa ushahidi wa daftari la mkono. Na benki ikianguka, fidia inahesabiwa kwa jina moja.

Nimegusa jambo la benki kuanguka, na katika wilaya hii siwezi kulipita kimya, kwa kuwa najua ndilo lililo moyoni mwa wengi. Mei 12, 2017, Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Benki ya Wananchi Mbinga kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji, ikaiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi. Januari 2018 benki nyingine tano nchini zilifungwa, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru. Wakati ule kiwango cha juu cha fidia ya bima ya amana kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa na pungufu ya hapo alistahili kulipwa yote; aliyekuwa na zaidi, kilichozidi kilitegemea mali ya benki itakayokusanywa na mfilisi. Ndiyo maana nilisema fidia huhesabiwa kwa jina: kikundi cha watu 30 kilichoficha milioni nane chini ya jina la mhazini, kwa kiwango cha wakati ule kingelindwa kwa milioni moja na nusu tu.

Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Maana yake ni kwamba mkazi wa Mbuji mwenye akiba ya milioni tano katika benki yenye leseni leo amelindwa kwa akiba yote, jambo ambalo halikuwepo mwaka 2017. Ulinzi huo hauchangiwi na wewe. Benki ndizo zinazochangia mfuko. Hauhusu SACCOS wala VICOBA, wala haulindi debe lililofukiwa nyuma ya jiko. Siwaambii msahau yaliyotokea. Nawaambia mlinganishe hatari na hatari: panya, moto na mwizi havina Bodi ya Bima.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linawahusu watu tunaosalimiana nao asubuhi. Ni riba isiyoitwa riba.

Ninyi mnaijua magoma. Kule Mtwara kwenye korosho wanaiita kangomba, Kagera kwenye kahawa wanaiita butura. Mwezi wa pili nyumba haina chumvi, mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya mchango, na mwenye fedha anakuja na shilingi 60,000. Hataki kulipwa fedha. Anataka kilo 50 za kahawa kavu msimu ukifika. Hakuna karatasi, au ipo yenye dole gumba. Msimu unafika, tuseme bei kwenye chama cha msingi ni shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyetoa 60,000 anachukua mali ya 200,000. Kwa miezi sita amevuna 140,000 juu ya 60,000. Benki iliyotoza riba ya namna hiyo ingefungwa kesho yake.

Serikali imekwisha kuikataza biashara hii mara nyingi, na kwa upande wa unyonyaji wake wengine wamesema kuliko nitakavyoweza kusema mimi. Nami nizungumze upande wa kodi, ambao hausemwi. Sheria ya Kodi ya Mapato haitazami jina mlilolipa jambo; inatazama jambo lenyewe. Malipo ya kutumia fedha ya mwingine, yanayozidi kile alichokopesha, ni riba, hata yakilipwa kwa kahawa, mahindi au mbuzi. Na yakilipwa kwa mali, huhesabiwa kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Mkulima aliyekopa kwa ajili ya nyumbani kwake hana wajibu wa kuzuia asilimia 10. Kwa hiyo hapa hakuna aliyekata mlangoni, na wajibu wote umebaki kwa aliyepokea: ayaripoti mapato hayo katika ritani yake, yaunganishwe na mapato yake mengine ya mwaka, na alipe kwa viwango vya mtu binafsi. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Kisha asilimia 20, 25, na hatimaye 30 kwa kinachozidi milioni 12. Na anayefanya ukopeshaji kuwa kazi yake anahitaji leseni chini ya sheria ile ile ya mwaka 2018. Asipokuwa nayo, kodi ni tatizo lake dogo.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyo. Mjane aliyeweka 300,000 benki amelipa kodi ya shilingi 600 pasipo kuulizwa. Aliyemchukulia jirani yake kahawa ya 200,000 kwa mkopo wa 60,000 hajalipa kitu, wala hajawahi kuulizwa. Kama kuna mtu katika kata hii anayestahili alama ya kalamu nyekundu, sidhani kuwa ni yule wa kwanza.

Sisemi kila anayemkopesha jirani ni mnyonyaji. Ndugu akimsaidia ndugu na kurudishiwa kile kile alichotoa, hapo hakuna riba, hakuna kodi, na hakuna anayehitaji leseni. Vivyo hivyo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba hata kidogo. Mtu yeyote akikudai riba katika mkopo huo, awe kiongozi wa kikundi au mtumishi, lete taarifa kwa Mtendaji wa Kata au kwangu.

Kwa mwenye kahawa, namna ya kumkwepa mtu wa magoma mwezi wa pili huanza mwezi wa nane, fedha inapoingia. Kikundi kinachokusanya akiba wakati wa msimu na kukopeshana wakati wa kiangazi cha mfukoni kimewaokoa watu wengi katika kata za jirani, na riba wanayotozana wanachama hurudi kwao wenyewe katika mgao. Wale ambao hawajasajili vikundi vyao, fomu ninazo hapa.

Mtendaji ameniomba niishie hapo ili watu wawahi kabla mvua haijashuka. Nitakaa kwenye meza ile chini ya mti hadi saa kumi. Mwenye taarifa ya benki asiyoielewa aje nayo, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Yule atakayekuta makato yenye jina la kodi ya zuio yanayozidi asilimia 10 ya riba aliyolipwa, au yaliyofanywa katika mwezi ambao hakulipwa riba, aniachie nakala, nami nitamsaidia kuandika barua ya malalamiko kwa benki yake. Wasiojibiwa na benki barua hiyo wana haki ya kuipeleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Na wahazini wa vikundi ambao akaunti bado ipo kwa majina yao, naomba mbaki kwanza kabla ya wengine. Tupange siku ya kwenda benki pamoja.